Mabakuli Yasiyorudi Kabatini

Ofisini walimwita Shangazi, ingawa hakuwa amezeeka wala hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Jina alilipata kwenye sinki. Siku ya kwanza alipopanda zile ngazi, ghorofa ya pili juu ya duka la mafundi cherehani, alikuta vikombe vimerundikana humo, majani ya chai yameng'ang'ania pembeni kama kupe, na kabla hata hajaonyeshwa kiti chake akapaza sauti: "Vya nani hivi? Mtu akitaka kunywa sasa hivi anywee kiganjani?"

Watu wazima, wenye ndevu zao na shahada zao, waliinuka mmoja mmoja wakaenda kuosha. Kipara, aliyekuwa na meza ya dirishani na kichwa kinachong'aa kuliko kioo cha dirisha lenyewe, alirudi akipangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Karibu sana, Shangazi." Basi, jina likaganda. Mtu mmoja tu hakuosha, naye ni Mkuu, mwenye kampuni. Kikombe chake kilibaki juu ya meza yake mpaka kikaota ukungu, na hata Shangazi alijua mpaka wake uko wapi.

Kazi yao ilikuwa kusafirisha sauti. Watu walio mbali na kwao waliweka programu ya kampuni kwenye simu, wakapiga nyumbani kupitia mtandao, wakacheka, wakagombana, wakaulizana nani kajifungua. Jambo hili ukilieleza vibaya linaonekana gumu, tulieleze vizuri. Sauti haisafiri nzima. Ukisema "mama" kwenye simu, mashine inaikatakata vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinahitaji chombo cha kukibeba kinapopita ndani ya kompyuta. Wenyewe wana jina lao la kizungu kwa chombo hicho, la kujing'ata ulimi. Sisi tutakiita bakuli, na kipande kitakaa humo vilevile bila kulalamika.

Sasa programu za wavivu hufinyanga bakuli jipya kwa kila kipande, kikishapita wanalitupa. Mabakuli yaliyotupwa yanajaa sakafuni, mpaka inabidi aje mfagiaji, na mfagiaji huyo akiingia kila mtu lazima asimame ainue miguu. Pale ndipo unaposikia "ha... ha... halo?" ukadhani mtandao ni mbaya. Mtandao hauna kosa. Watu wameinua miguu.

Shangazi hakutaka ufagio. Alitengeneza kabati. Humo aliweka mabakuli yaliyofinyangwa mara moja tu, asubuhi mashine inapowashwa. Kipande kikija kinachukua bakuli, kinapita, bakuli linasuuzwa, linarudi kabatini, kipande kingine kinalichukua. Bakuli lililobeba kicheko cha bwana mmoja saa tatu linabeba kilio cha mtoto wa watu wengine saa tatu hiyohiyo, na wala halikumbuki kitu. Watu wa kampuni nyingine walipiga simu kuuliza alisoma wapi hiyo.

Alisoma kwa mama yake. Nyumbani kwao watoto walikuwa wengi na vikombe vya bati vilikuwa vichache, vimepangwa kwenye rafu moja juu ya mtungi. Sheria ilikuwa moja, na mama aliitoa mkono kiunoni: "Ukinywa, suuza, rudisha. Mwenzako anakuja na kiu." Aliyekiuka alipata msonyo. Si kofi, wala si matusi. Msonyo. Mama yao alikuwa na msonyo wa kumfanya mbwa wa jirani arudi kwao. Ulianzia nyuma ya meno, ukapita polepole, na ulipofika mwisho wewe mwenyewe ulikuwa umeshaanza kutafuta kosa lako.

Mwaka uliotangulia mama alipata kiharusi. Alilazwa, akatoka, mguu mmoja ukarudi nusu, mkono ukarudi robo, sauti haikurudi kabisa. Akakaa nyumbani na mtoto wake mkubwa wa kiume, ambaye Shangazi humwita Kaka na hana jina jingine kwake. Safari ya kwenda huko ilikuwa ya mabasi, foleni za mpakani na ruhusa ya kazi isiyopatikana ila kwa kupiga magoti, kwa hiyo Shangazi alikwenda mara moja tu, akakaa siku chache akiushika ule mkono wa robo, akarudi akiwa hajui aangalie wapi.

Tangu hapo, kila jioni akitoka kazini, aliingia kwenye chumba chake cha kupanga, akaketi kwenye ndoo aliyoigeuza juu chini kwa sababu pale karibu na dirisha ndipo mtandao unaposhika, akapiga. Kaka alipokea, wakataniana kidogo, kisha Kaka akaiweka simu sikioni kwa mama. Shangazi akasimulia siku yake. Nani kafanya nini, Kipara kasema upuuzi gani, mafundi cherehani wa chini wamegombania mkasi. Halafu alinyamaza, akauliza, "Mama, upo?"

Hakuna kitu. Na si kwamba kulikuwa na pumzi au mkoromo. Hakukuwa na kitu kabisa, kama unaongea ndani ya gunia. Alisubiri kidogo, akaendelea kusimulia. Siku nyingine aliuliza tena, siku nyingine alijikaza. Alichokitamani hakikuwa kikubwa. Hakutamani mama aimbe. Alitamani ajue tu kwamba maneno yake yanaanguka juu ya mtu.

Basi, ndipo kabati likaanza kuvuja.

Mwanzoni hapakuwa na dalili, kwa sababu mashine ilizimwa na kuwashwa kila alfajiri, na ikiwashwa mabakuli yote yanajikuta kabatini kama hakuna kilichotokea. Lakini wateja waliongezeka. Ikawa jioni, saa ambayo kila aliye mbali anakumbuka kwao, mabakuli yanapungua, yanapungua, mpaka kabati linabaki na vumbi. Hapo kipande kikija hakina cha kukibeba. Simu zinakatika katikati ya "nakupenda", na anayebaki na "naku" anajua mwenyewe amalizie vipi.

Kipara alifanya anachofanya kila mtu mwenye kabati tupu: akaongeza mabakuli. Kesho yake yaliisha pia, ila yaliisha kwa kuchelewa. Akaongeza tena. Mashine ikaanza kulemewa, feni inalia kama nyuki.

"Kipara," Shangazi alimwambia, "ndoo ikivuja huongezi maji."

"Mimi naongeza ndoo, Shangazi. Hayo ni maendeleo."

Mkuu naye hakuwa mjinga, tusimwonee. Aliketi mwenyewe na mahesabu ya mashine asubuhi nzima, kikombe chake cha ukungu pembeni, na alipotoka aliita watu wote wasimame karibu na birika.

"Nimeona yanapopotelea," alisema. "Yanapotelea kwenye simu za watu walionyamaza. Simu zenye makelele hazipotezi hata moja. Kwa hiyo ni rahisi. Mtu amesahau kukata, simu iko mfukoni, yeye yuko dukani, huku ameshikilia mabakuli yetu. Kesho jioni tunaweka kanuni: upande mmoja ukinyamaza dakika nzima, programu inakata."

Shangazi akauliza, "Na kama hajasahau?"

"Nani?"

"Huyo aliyenyamaza. Kama ananyamaza kwa kupenda. Au kwa kutoweza."

"Shangazi, nani apige simu anyamaze? Bubu?"

Kipara alicheka, kisha akamtazama usoni, kicheko kikamwishia njiani. Kuna mambo ukiyasema karibu na birika yanageuka kitafunwa cha chai, na mama yake hakuwa kitafunwa. "Nipe mpaka kesho mchana," alisema. "Kama sijaupata mvujo wenyewe, kata."

"Chukua," alisema Mkuu. "Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka simu zisikatike."

"Kwa kuzikata," alinong'ona Kipara.

Jioni ile Shangazi aliketi juu ya ndoo yake moyo ukiwa mkavu. Dakika nzima! Mama yake hunyamaza simu nzima. Kuanzia kesho ingekuwa anapiga, anasema habari za leo, programu aliyoijenga kwa mikono yake inamfungia mlango usoni. Alipiga.

"Enhe, mtaalamu!" Kaka alipokea. "Leo mmetengeneza nini, roketi?"

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Mgonjwa wako yuko hapa dirishani, anaitazama simu kama imemkosea. Mbona sauti yako imelegea hivyo?"

Akamweleza. Hakumweleza kwa maneno ya kazini. Alimweleza kwa mabakuli na kabati, kama tulivyoelezana hapa. Kaka ni fundi baiskeli, akili yake inapenda kitu kinachozunguka na kurudi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnapoteza vyombo," alisema.

"Tunapoteza."

"Na mnaowashuku ni hao wanaonyamaza."

"Mkuu anasema wamevishikilia."

"Wamevishikilia wapi! Wewe mdogo wangu umesoma mpaka umesahau kwenu. Mama akikosa kikombe kwenye rafu, alianza kumtafuta nani?"

"Aliyekunywa mwisho."

"Uongo! Aliyekunywa karidhika, anasuuza, anarudisha huku anapiga mluzi. Mama alianza na aliyekosa. Yule aliyechukua kikombe, akaenda mtunguni, akakuta mtupu, akanuna. Huyo ndiye anayekiacha popote. Na bingwa wa hiyo tabia ulikuwa wewe. Kile cha buluu tulikikuta juu ya ukuta wa choo, kuku ametagia humo."

"Kuku hakutagia."

"Alitagia! Muulize mama."

Shangazi alifungua mdomo ajibu, akabaki hivyohivyo, mdomo wazi, macho kwenye simu.

Aliyekosa.

Kwa sababu kwenye programu ile palikuwa na mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo aliajiriwa na Shangazi mwenyewe. Wateja walikuwa wamelalamika kwamba simu zinakula bando hata mtu akiwa hajasema kitu, basi akaandika mlinzi: kila kipande kikija kwenye bakuli lake, mlinzi anaonja. Kikiwa na sauti, kinapita, kinasafirishwa, na mwisho wa safari bakuli linasuuzwa na kurudi. Kikiwa kimya, mlinzi anakizuia palepale. Kimya hakisafirishwi, kimya hakina faida, kazi imeisha. Na bakuli? Mstari wa kurudisha bakuli ulikuwa mwisho wa safari. Kilichozuiwa mlangoni hakikufika huko kamwe. Bakuli liliachwa juu ya ukuta wa choo.

Mlinzi yule alimwandika wiki ileile mama alipokuwa amelazwa, mkono mmoja ukiandika na mwingine umeshika simu akisubiri habari kutoka hospitali.

"Upo?" aliuliza Kaka. "Au na wewe umenyamaza? Tutakukatia."

"Nipo. Kaka, mpe mama simu."

Ungedhani angekimbilia kompyuta muda uleule. Hakukimbia. Alibaki kwenye ndoo akamsimulia mama yake habari za kuku na kikombe cha buluu, akamwambia kwamba Kaka ni mwongo, akauliza, "Mama, upo?" Gunia. Akasema, "Haya, kesho," kwa sauti iliyojitahidi, akakata.

Asubuhi aliwahi kufika kabla mafundi cherehani hawajafungua. Kuondoa mvujo hakukuchukua muda. Kazi ya namna hii hukunyima usingizi miezi, kisha inaisha kabla chai haijapoa. Alihamisha mstari wa kurudisha bakuli kutoka mwisho wa safari, akaupachika mahali ambapo kila kipande lazima kipite, kiwe kimesafirishwa au kimezuiwa. Aliyekunywa arudishe. Aliyekosa arudishe. Kisha akamwita Kipara.

Kipara alisoma ile mistari, akajikuna upara. "Kumbe nilikuwa nanunua vikombe vya kuachwa mlangoni."

"Ulikuwa."

"Na nikayaita maendeleo," alisema.

Mkuu alikuja akasimama nyuma yao. Aliutazama mstari uliohamishwa kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Inaelekea ni kweli," alisema. "Lakini nataka kuona kwa macho. Pigeni simu ya kweli, upande mmoja uwe kimya kabisa, tena kwa muda. Nione mabakuli yanarudi. Halafu mwondoe mlinzi kidogo, vipande vyote vipite, nione kabati linastahimili. Hapo nitafuta kanuni yangu."

"Nani atanyamaza?" aliuliza Kipara. "Mimi msinitazame, mnanijua."

Shangazi alikuwa ameshachukua hedifoni. "Ninaye mtu," alisema.

Ilikuwa karibu na mchana, saa ambayo hajawahi kupiga. Kaka alipokea kwa hofu: "Kuna nini?" Akamwambia hakuna, ni kazi, mpe mama simu wala usiitoe. Chini yao cherehani zilikuwa zinatetemesha sakafu. Kwenye skrini ya Kipara ilionekana namba ya mabakuli yaliyomo kabatini, inashuka kidogo, inapanda, inashuka, inapanda, kama kifua cha mtu aliyelala. Mama alikuwa kimya, mlinzi alikuwa anazuia, na hakuna bakuli hata moja lililokosa kurudi.

"Safi," alisema Mkuu. "Sasa mwondoe mlinzi."

Shangazi akamwondoa.

Kitu cha kwanza kilichomfikia kilikuwa nyumba. Aliijua kabla hajajua anachokijua. Pete za pazia zikikwaruza kwenye waya wake. Mlango wa nyuma, ule unaolalamika ukifunguliwa na kulalamika zaidi ukifungwa. Mbali kidogo, nyundo ya mtu. Na karibu sana, karibu kuliko hedifoni yenyewe, pumzi. Inaingia kwa shida kidogo, inakaa, inatoka. Inaingia tena. Miezi yote ile alikuwa anazungumza na pumzi hii na hakuijua.

Alishika ukingo wa meza. Kipara alimwona, akageuza kiti chake polepole kuelekea dirishani, akajifanya anatazama barabara.

"Mama," Shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Niko kazini."

Pumzi ilikatika kidogo, ikaendelea.

Habari zote za siku zilimkimbia. Akatazama mezani kwake, akasema kitu cha kwanza alichokiona: "Nimekunywa chai asubuhi, na kikombe... kikombe sijakiosha."

Na hapo ukaja. Mwembamba, wa upande mmoja wa mdomo, umechoka, umepinda mwishoni. Lakini ulianzia nyuma ya meno na ulipita polepole, na Shangazi kwenye kiti chake, mtu mzima, alijikuta ameunyoosha mkono kuelekea kikombe.

Msonyo.

Sauti ya Kaka ilisikika kwa nyuma, inacheka. "Umeupata huo? Leo amekuonea huruma. Wa jana ulikuwa mrefu mpaka mimi nikatoka nje."

"Jana?"

"Jana, juzi, kila siku. Wewe si unamuuliza 'Mama, upo'? Basi ndiyo anavyokujibu. Anachukia hilo swali kama nini. Kwani husikii? Mimi nilidhani ndiyo maana ukishauliza unanyamaza. Nikasema, kasonywa, kanywea."

Kila jioni. Kila jioni, juu ya ile ndoo, aliuliza na alijibiwa, na jibu lilifika mpaka mlangoni, dogo mno, likaonjwa na mlinzi aliyemwajiri mwenyewe, likaitwa kimya. Likazuiwa. Na bakuli lililolibeba likaachwa ukutani mpaka alfajiri, mashine ikazimwa, ikawashwa, likasuuzwa, likabeba habari za watu wengine. Hakuna mahali pa kwenda kuyaokota. Bakuli halikumbuki kitu. Ndivyo alivyolitengeneza, na kwa hilo alisifiwa.

Akazikandamiza hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili. Alitamani ile misonyo. Yote. Ile mirefu ya kumtoa mtu nje, ile mifupi ya kumwambia nipo, mpumbavu wewe, nitakuwa wapi. Aliitamani kama mtu anavyotamani maji akiwa ameushika mtungi.

"Vipi?" aliuliza Mkuu. "Kabati linastahimili?"

"Yanarudi yote," alisema Kipara bila kugeuka. "Hakuna linalobaki."

"Basi kanuni yangu ifutwe. Kazi nzuri." Mkuu alichukua kikombe chake kilichokuwa pembeni ya skrini, akatazama ndani yake, akakunja uso kama mtu aliyekutana na jirani asiyemtaka. "Shangazi, mrudishe mlinzi. Jaribio limekwisha?"

Shangazi aliinua kidole kimoja bila kumtazama.

"Bado kidogo, Mkuu," alisema. Kisha akainamia meza, akaiziba midomo kwa mkono kama anayesengenya, akasema taratibu, neno kwa neno, ili asikose hata moja: "Mama, na kitanda leo sikutandika. Na dirisha la chumbani sijalifuta tangu mvua za mwaka jana."

Akafumba macho, akasubiri.